Binti Aliyemaliza Mikebe ya Darasa Zima

Binti yetu alipofika miaka minne, watu wa Nyeri walikuwa wamekwisha kunieleza sababu zote zinazomfanya mtoto ale sana, isipokuwa njaa. Njaa haikumjia mtu yeyote akilini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili. Kwetu ni upande wa Kakamega, lakini nilihamishiwa huku nikiwa kijana, nikaoa huku, na sasa hata baridi ya Julai nailalamikia kama mwenyeji. Tunaishi King'ong'o, katika nyumba ya kupanga ambayo kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba jirani akikoroga chai tunajua kama ametia sukari. Kwa hiyo tumbo la mtoto wetu halikuwa siri ya familia. Lilikuwa mali ya umma kama barabara, ila barabara yetu haijawahi kupata wataalamu wengi hivyo.

Asubuhi alikuwa akiamka kabla yetu. Alikuja kusimama kando ya kitanda, uso wake karibu na wangu, akasubiri nifungue jicho moja.

"Baba, leo tunakula nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Nilimpa kikombe cha uji wa wimbi, akakimaliza, akachungulia ndani yake kuhakikisha, kisha akakirudisha mbele yangu. Cha pili kilikwenda njia ileile. Baada ya hapo kiazi kitamu, yai, na mwishowe alinisaidia kuumaliza mkate wangu, kwa sababu aliona nakawia nao. Tukiwa njiani kwenda shule ya chekechea alitaka kujua saa nne ni lini. Saa nne ndiyo saa ya watoto kufungua mikebe yao na kula.

Mke wangu ana duka la nguo za watoto mjini, na kazi ile imemfanya ajue watoto wa kaunti nzima kwa vipimo. Hakuwa na wasiwasi mwanzoni. Wasiwasi uliletwa na mama wa mlango wa pili, jirani yetu, ambaye alikuwa na kijana wa umri huohuo aliyekuwa hali chochote. Kila jioni tulimwona akimkimbiza kijana yule uani na kijiko cha wali, akimwimbia, akimtisha, akimwahidi baiskeli. Mwanamke aliyeshindwa kumlisha mtoto wake hata kijiko kimoja ndiye aliyekuja kutufundisha namna ya kumlisha wetu.

"Hiyo ni minyoo," alisema, akiwa amesimama mlangoni na kijiko chake. "Mtoto wa kawaida hakuli hivyo."

Tukanunua dawa ya minyoo. Ilikuwa tamu, yenye ladha ya matunda. Binti yetu aliitafuna, akaimeza, akauliza kama kuna nyingine. Minyoo yenyewe hatukuiona, na njaa ilibaki palepale. Jirani akasema basi hiyo ni minyoo sugu.

Baadaye mama mkwe akaja kutoka Mukurwe-ini na ndizi, maparachichi na uamuzi aliokuwa ameufikia njiani. Aliketi, akamtazama mjukuu wake akila mukimo, yale mahindi na viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya maboga, na akatikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa akinihurumia mimi.

"Hii ni ya upande yenu," aliniambia. "Nyinyi ni watu ya ugali. Huyu mtoto amezaliwa na tumbo ya kwenu."

"Labda, mama," nikasema.

"Sio labda." Akampakulia tena mukimo, nadhani kwa ajili ya uchunguzi zaidi. Halafu akashusha sauti. "Na ni msichana. Msichana akikula hivi, ati nani atakuja kumuoa?"

Nilimwambia kwamba kwa umri wa miaka minne bado hatujapokea maombi mengi, lakini tutamjulisha yakianza kufika.

Mama yangu mzazi naye, kwa simu kutoka Kakamega, alikuwa na maoni yake. "Mwanangu, huyo mtoto mnamlisha viazi kutwa. Viazi ni maji. Mpe ugali wa kushika mkononi utaona atanyamaza." Nikampa ugali. Alinyamaza kweli, muda wote aliokuwa akiula. Kwa miezi kadhaa bibi hawa wawili waliendelea kuthibitisha hoja zao kwa kumlisha mtoto, mmoja akija na vikapu, mwingine akituma omena, wale dagaa wa ziwani, na unga kwa basi la usiku. Mtoto hakuegemea upande wowote. Aliwakubalia wote.

Aliyetuletea elimu ya kisasa alikuwa shemeji yangu, kaka ya mke wangu. Yeye ni mpishi katika hoteli moja ya Nanyuki, mahali wanapokuja wageni wa mbugani na wanajeshi wa kigeni wakiwa mapumzikoni. Kwa sababu amewapikia wageni miaka mingi, anajua yote kuhusu malezi, ingawa hana mtoto. Alitualika Jumapili moja baada ya kanisa, akasema atatuonyesha namna mtoto anavyolishwa.

Tulifika tukiwa na njaa ya safari. Watu wazima tuliwekewa mbuzi wa kuchemsha na chapati. Kwa binti yetu, shemeji alitoka jikoni amebeba sahani kubwa nyeupe kwa mikono miwili, kama padri na sadaka. Katikati ya sahani ile palikuwa na vipande vya karoti vilivyokatwa kama njiti, kinofu cha kuku kisichozidi kiberiti, na jani moja. Pembeni alikuwa amechora mstari wa mchuzi.

"Hii ndiyo kipimo ya mtoto," akasema. "Wageni wangu wanalisha watoto hivi, na wako sawa kabisa."

Binti yetu aliitazama sahani kwa heshima. Akala karoti, akala kuku, akala jani. Akaufuta ule mstari wa mchuzi kwa kidole mpaka sahani ikawa nyeupe kabisa. Kisha akaweka mikono mapajani na kukaa wima, kama mgeni aliyefundishwa adabu, akatazama mlango wa jikoni. Tulikula. Yeye akangoja. Mwishowe akamgeukia mjomba wake.

"Anko, chakula ikiiva utatuita?"

Mimi nilikohoa ndani ya chapati. Mke wangu hakucheka. Alikuwa akiitazama ile sahani nyeupe, na niliona kwamba tumekwisha. Tuliporudi Nyeri, kabla hata ya kufika nyumbani, alipita dukani akanunua kisahani kidogo chenye picha ya sungura.

Sheria mpya ilikuwa rahisi. Chakula kinachotosha kwenye sungura ndicho chakula, na hakuna kuongezwa. "Atazoea," mke wangu alisema. Nami, kama msomi, nilitafuta kwenye simu makala yanayounga mkono jambo ambalo mke wangu alikuwa ameshaliamua, na nikayapata mengi. Mkebe wake wa shule nao ukawekewa kitu kidogo tu, biskuti na kijuisi cha pakiti, kama watoto wengine.

Mtoto hakulia wala hakugoma. Alikula kilichokuwepo, akafika kwa sungura, akamramba masikio, akasema asante. Siku za kwanza aliuliza kama kuna zaidi. Halafu akaacha kuuliza. Hata lile swali la alfajiri kando ya kitanda likapungua. Nyumba ikawa na amani ambayo hatukuwahi kuijua.

"Unaona?" mke wangu aliniambia. "Amezoea."

Shemeji alipigiwa simu, akapokea pongezi kwa unyenyekevu. Jambo moja tu lilinishangaza. Mtoto alikuwa akila nusu ya alichokuwa akila zamani, na bado sketi ya shule iliendelea kumbana. Mke wangu, mtaalamu wa vipimo, alisema kitambaa kimepungua kwa kufuliwa.

Mambo yalijulikana kwenye mkutano wa wazazi. Tuliitwa Ijumaa mchana, tukaketi darasani kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, na kila mtu akijaribu kuonekana mtu wa maana katika hali hiyo. Mwalimu wao, msichana mpole aliyetoka Meru, alizungumza juu ya sare na viatu vya mvua. Alipouliza kama kuna mzazi mwenye la kusema, mama wa mlango wa pili alisimama. Kijana wake na binti yetu walikuwa darasa moja.

"Mimi nataka kushukuru mwalimu," alisema. "Mnajua kijana yangu. Alikuwa hakuli. Nimemkimbiza na kijiko mpaka nikakonda mimi. Sasa karibu mwezi mzima mkebe unarudi nyumbani mtupu. Hakuna hata chembe. Mwalimu, Mungu akubariki."

Watu wakapiga makofi. Mama mwingine akasema hata wake siku hizi anamaliza. Mwingine akasema wake alikuwa akitupa mayai, sasa hata ganda harudishi. Baba mmoja aliyevaa koti la ofisi ya kaunti aliomba mwalimu atoe siri yake, ili wazazi waifanye hata nyumbani. Mimi pia nilipiga makofi. Nilifurahi kuona shule tuliyoichagua inafanya kazi nzuri hivyo.

Mwalimu hakuwa akifurahi. Alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia ubao.

"Wazazi," akasema, "mimi sitaki kudanganya mtu. Mimi mwenyewe nimegundua juzi tu. Sio watoto wenu wanamaliza."

Wazazi wakageukiana.

"Kuna mmoja anawamalizia."

"Anawanyang'anya?" baba wa koti akauliza.

"Hapana. Hanyang'anyi mtu. Ni wao wanapanga foleni." Ilionekana alitamani kuishia hapo, lakini macho yote yalikuwa kwake. "Anaketi pale kwenye kona. Anauliza kila mmoja, 'Umeshiba?' Mtoto akisema ndiyo, yeye anamaliza. Halafu anafunga mkebe, anamrudishia mwenyewe. Na anafunga vizuri sana, hata mimi nilidhani ni watoto wamejifunza."

"Na huyo mtoto ni wa nani?"

Mwalimu hakunyoosha kidole. Hakukuwa na haja. Mama wa mlango wa pili aligeuka polepole kwenye kiti chake kidogo, na wazazi wengine wakafuata macho yake mpaka kwangu.

"Mwalimu," aliniambia, maana mtaani wote huniita hivyo, "ni yule wenu?"

Nilisema ndiye. Nikaongeza kwamba nitazungumza naye ili aache kuwasaidia wenzake. Nilidhani nimesema neno la busara, lakini baba wa koti aliinua mkono.

"Asiache ghafla," akasema kwa sauti ya chini. "Wangu akianza kurudisha chakula, nyumbani nitaulizwa mimi."

Nilimchukua binti yangu tukatembea kwenda nyumbani. Huku kwetu baba humwita binti yake mama, naye huitika bila kuona ajabu.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini unakula chakula cha wenzako?"

"Wananiita."

"Wanakuita wakisema nini?"

"Wanasema, njoo umalize, nikirudisha nitachapwa." Alifikiri kidogo. "Mimi sitaki wachapwe."

"Sawa. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa na njaa?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza kama mvua ina maji. "Baba," akasema, "ile chakula ya nyumbani ni ya sungura."

Nilimweleza mke wangu dukani, nyuma ya kaunta, kati ya mteja na mteja. Alisikiliza akiwa ameshika soksi za mtoto mkononi. Nilipofika mahali pa kufunga mikebe vizuri akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi, kisha nikaona kicheko kimegeuka, anajifuta macho kwa zile soksi. "Darasa zima," alikuwa akirudia. "Kumbe alikuwa anaenda kazi." Jioni ile binti yetu alikula kwenye sahani ya watu wazima, maharagwe na wali. Kisahani cha sungura kilihamia bafuni kuwekewa sabuni.

Hata hivyo mke wangu hakuridhika mpaka mtoto aonwe hospitalini. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Muuguzi alimpima uzito na urefu, akamtazama macho na meno, akauliza kama anacheza. Tukasema anacheza. Anakwenda haja vizuri? Vizuri kupita kiasi, nikasema.

"Huyu yuko sawa," akatuambia. "Ni mrefu, anakua. Saa nne mnamfungia nini?"

"Biskuti," mke wangu akasema. "Na juisi."

"Hizo ni za kuchezesha mdomo. Mpatie chakula." Akaita anayefuata.

Tulitoka nje tukiwa tumevunjika moyo. Baada ya kusimama muda wote ule, mtu anatarajia angalau apewe chupa ya dawa aende nayo nyumbani. Mke wangu alisema yule muuguzi hakuangalia vizuri. Lakini Jumatatu mkebe ulikwenda shule na nduma, ndiyo magimbi, na yai la kuchemsha, Jumanne ukaenda na githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, iliyopondewa parachichi juu, na tukaona jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyelitabiri. Mtoto alirudi nyumbani akaenda kucheza. Hakuuliza chakula mpaka chakula kilipokuwa mezani.

Kuanzia hapo tukajifunza polepole, kwa kukosea. Tulianza kula sote kwa wakati mmoja, televisheni ikiwa imezimwa, jambo lililoniumiza mimi kuliko mtoto. Akitaka kitu kati ya mlo na mlo, alipewa tunda au maji, au alipewa kazi ya kuambua maharagwe pamoja nami jikoni, na mara nyingi alichotaka kilikuwa kazi, si tunda. Kuongezwa kuliruhusiwa tena, ila kwanza alikaa kidogo atusimulie habari za shule. Baada ya hadithi, kama bado ana njaa, anapakuliwa. Siku nyingine hadithi ilimnogea akasahau sahani. Siku nyingine haikusaidia kitu, kwa sababu hadithi yenyewe ilihusu chapati.

Bibi zake wawili, bila shaka, walishinda. Mama mkwe alisema aliyeponya mtoto ni githeri, chakula cha kwao tangu zamani. Mama yangu aliniambia kwa simu kwamba hata mahindi ya githeri ni ugali tu ambao haujasagwa. Niliwashukuru wote wawili kwa ushauri wao.

Yule jirani yetu hakuongea nasi kwa muda. Mkebe wa kijana wake ulikuwa umeanza tena kurudi umejaa, na kijiko kilikuwa kimerudi uani. Kisha Jumamosi moja mchana akabisha mlango. Alikuwa amemshika kijana mkono, na mkono mwingine ameshika bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Mwalimu," akasema, "naomba tu kijana akae hapa yule wenu akikula. Sitaki kitu. Nitasimama hapa nje."

Mke wangu akamvuta ndani, akamwekea kiti. Kijana akaketi kando ya binti yetu, bakuli lake la wali na njegere likiwa mbele yake, mikono ameibana katikati ya magoti. Mama yake alifungua mdomo kuimba ule wimbo wa kijiko, mke wangu akamgusa bega, akaufunga.

Binti yetu hakumbembeleza. Hakumtazama hata. Alikula githeri yake kama anavyokula siku zote, kwa bidii na bila haraka, akitafuta parachichi lilipojificha. Kijana alitazama kijiko kikienda na kurudi. Kikaenda, kikarudi.

"Ni tamu?" akauliza mwishowe.

"Ee." Akanyoosha mkono kulivuta bakuli la wali. "Wewe umeshiba?"

Kijana alilitazama bakuli lake likiondoka. Nadhani darasani hakuwahi kufikiria kwamba kile kinachoondoka ni chake. Akalishika ukingo. "Hapana," akasema, akalirudisha, akatia mkono ndani.

Alikula. Hakula kama mtu mwenye njaa, alikula kama mtu anayelinda mali yake, akimwangalia binti yetu pembeni kila anapotafuna. Mama yake alikuwa amefunika mdomo kwa ukingo wa leso. Hakuna aliyemsifu kijana, hakuna aliyepiga makofi. Bakuli lilipobaki na punje chache binti yetu alinigeukia, uso umemshuka.

"Baba, amemaliza," akanieleza, kama anayetoa ripoti ya wizi.

Walirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Ikawa desturi, na sufuria yetu ya Jumamosi ikabadilishwa kwa kubwa zaidi. Sasa wote wawili wako darasa la kwanza. Binti yetu ni mrefu kuliko wenzake karibu wote, anakimbia sana, na bado anakula kama alivyokula, ila mtaani wamepata mambo mengine ya kujadili. Kijana wa jirani amenenepa mashavu, na siku hizi anaomba kuongezwa kabla ya binti yetu.

Wiki iliyopita mama wa kijana alinisubiri langoni nikirudi kutoka kazini. Alitazama huku na huku, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto anayekula hivi hawezi kuwa na ugonjwa.

Nikamwambia aingie ndani. Chakula kilikuwa kimeiva.